Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: umeme upo, majiko yapo, bei ya yuniti ndio inaturudisha kwenye mkaa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu wa EWURA, Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO.

YAH: BEI YA UMEME WA KUPIKIA KWA WAPANGAJI NA WATU WA KIPATO CHA CHINI

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu zetu na pole kwa majukumu.

Mimi ni mpangaji hapa Mbagala, Dar es Salaam, na ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Wengi wetu ni mama lishe, wauza genge, wasusi na mafundi cherehani, na karibu wote tumepanga. Hatukutaka barua hii iwe ya wazi. Tuliiandika kwanza kwa utaratibu, ikapita serikali ya mtaa, ikagongwa muhuri, ikapelekwa kwa mkono kwenye ofisi ambayo sitaitaja maana hatugombani na wale wa kaunta, na jibu tulilopata lilikuwa la mdomo tu, kwamba mambo ya bei yanapangwa huko juu na sisi tusubiri. Tumesubiri. Tukakumbushia, tukaambiwa faili halionekani. Ndio maana leo tunakuandikia wewe mwenyewe mbele za watu, kwa heshima yote, lakini bila kuzunguka.

Mheshimiwa, ajenda ya nishati safi ya kupikia tunaiunga mkono kwa moyo wote na tunajua ilikotoka. Novemba 2022 lilifanyika kongamano kubwa hapa Dar na Rais Samia akalifungua mwenyewe. Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaosema ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mwezi huo huo Rais akawa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris ambao nchi na makampuni waliahidi dola bilioni 2.2 kwa ajili ya kupika kisafi Afrika. Januari 2025 viongozi wa Afrika wakaja hapa hapa Dar kuzungumzia kuwafikishia umeme watu milioni 300. Haya yote tumeyafuatilia, tumeyapigia makofi, na kwenye kikundi chetu kuna wenzetu wameacha mkaa kwa sababu ya hotuba hizo. Sasa baadhi yao wamerudi kwenye mkaa, na sababu ya kurudi ndio inayonifanya niandike.

Niweke wazi kwanza tunazungumzia jiko gani, maana watu wakisikia jiko la umeme wanawaza lile la koili. Lile tunalijua, liko wazi, moto unapotea hewani, maharage ukiyaweka saa mbili tatu unakuta yuniti zimeisha na bado mengine magumu. Tunalozungumzia ni presha kuka ya umeme. Inafungwa mfuniko, mvuke haitoki, joto la ndani linapanda kuliko maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida, na pembeni imezuiwa joto lisitoke, kwa hiyo ikishapata moto inajizima yenyewe na kuwaka kidogo kidogo tu. Nusu kilo ya maharage inaiva kwa chini ya nusu yuniti. Makande, kongoro, nyama ngumu, wali, yote yanaingia. Hivi ndio vyakula vinavyomaliza mkaa wa mtu, ugali na mboga za majani haziwezi kulingana navyo. Kwa hiyo mama akitoa haya ya kuchemsha muda mrefu kwenye mkaa akayapeleka kwenye umeme, amekata sehemu kubwa ya mkaa wake hata kama ugali bado anausonga kwenye jiko lingine.

Sasa hoja zetu ni hizi.

1. Bei ya umeme inamwadhibu anayepika.

Mheshimiwa, bei zinazotumika zilipangwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, mwaka 2016. Mteja mdogo wa nyumbani, huku mtaani tunamwita wa tarifu 4, analipa shilingi 100 kwa yuniti mpaka yuniti 75 kwa mwezi. Akizidi hapo, kila yuniti ya ziada ni shilingi 350. Akiendelea kuzidi mara kwa mara anahamishwa anakuwa tarifu 1, ambapo kila yuniti kuanzia ya kwanza ni shilingi 292. Hapo sijaweka VAT, asilimia 3 inayokwenda REA, wakala wa nishati vijijini, na asilimia 1 inayokwenda EWURA. Mtu wa kawaida hasomi jedwali la bei, yeye anaona kwenye simu: akinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya elfu moja kwenye tarifu 4 anapata kama yuniti 8, kwenye tarifu 1 hazifiki 3.

Hizo yuniti 75 ziliwekwa kwa ajili ya taa, tivii, feni, kuchaji simu, labda na friji ndogo. Mwaka 2016 hakuna aliyekuwa anamwambia mama wa Mbagala apikie umeme. Leo mnamwambia, ila kikomo mmekiacha pale pale.

Naomba nikupigie hesabu ambayo tuliipiga kikundi kizima tukiwa na daftari na kalamu, bila kuweka makato. Chukua nyumba inayotumia yuniti 60 kwa mwezi bila kupika. Inalipa shilingi 6,000. Mama akanunua presha kuka, akaongeza yuniti 40 za kupikia, jumla 100. Kama bado yuko tarifu 4, analipa 7,500 kwa zile 75 za kwanza na 8,750 kwa zile 25 zilizozidi, jumla 16,250. Hapo bado anaweza kuvumilia, maana mkaa ungemlia zaidi. Lakini miezi inapita, anahamishwa, sasa yuniti zote 100 ni kwa 292, anakuta analipa 29,200. Yaani alikuwa analipa 6,000, sasa 29,200, tofauti ni 23,200 na kilichoongezeka ni yuniti 40 tu za kupikia. Ukigawanya, kila yuniti aliyopikia imemgharimu shilingi 580. Ndugu Waziri, hakuna bei ya 580 kwenye jedwali lolote la EWURA, lakini ndio bei anayolipa huyu mama, kwa sababu ile presha kuka imempandishia mpaka bei ya taa na ya feni.

Na hapa ndipo watu wanapotushinda kuwaelimisha. Ukimwambia mtu kwamba presha kuka inatumia umeme kidogo anakubali, anaona hata mita haiendi mbio, ila mwisho wa mwezi elfu moja yake inampa yuniti chini ya tatu badala ya nane, anasema lile jiko linakula umeme. Jiko halina kosa. Anayeenda kulirudisha kwenye boksi na kununua kopo la mkaa naye hana kosa, anaangalia hela yake.

Tena mkaa una jambo moja ambalo wapangaji wa bei hawaliangalii: unanunulika kwa buku, unanunulika kwa mia tano, leo umepata unanunua leo. LUKU nayo inanunulika kidogo kidogo, hiyo ni sifa nzuri na tunaishukuru, lakini elfu moja ya mtu wa tarifu 1 haimfikishi mbali akaona faida, na akishaogopa umeme mara moja kumrudisha ni kazi.

2. Mita moja, familia sita.

Hili ndilo linalotuuma kuliko yote na sijawahi kusikia likizungumzwa kwenye kongamano lolote.

Nyumba nyingi za kupanga Dar ni zile za vyumba pande mbili na korido katikati, mita moja iko ukutani, wapangaji tunachanga LUKU. Vyumba sita, kila chumba tuseme kinatumia yuniti 30, ni wadogo kabisa, taa mbili na tivii na feni. Ukijumlisha mita inasoma 180. Kwa mita hiyo sisi ni wateja wakubwa, tarifu 1, kila mmoja wetu analipa 292 kwa yuniti. Chumba cha yuniti 30 kinalipa 8,760 mahali ambapo kingekuwa na mita yake kingelipa 3,000. Wakati huo huo mtu mwenye nyumba yake peke yake, geti na bustani, akijibana akatumia yuniti 70, yeye analipa shilingi 100. Punguzo la maskini limeandikwa kwa mita, na maskini wa mjini hana mita ya peke yake.

Alafu kuna kuishi kwenyewe. Mpangaji akileta presha kuka, wenzake wanalalamika kwamba anawamalizia umeme, mwenye nyumba anatoa sheria: hakuna jiko la umeme, hakuna pasi, hakuna hita. Wengine wanaandika kabisa kwenye mkataba. Simlaumu sana mwenye nyumba kwa sababu ugomvi wa LUKU kwenye korido anausikia yeye kila siku, na hana namna ya kujua nani katumia nini. Ila matokeo yake ni kwamba mwanamke anawasha mkaa koridoni, moshi unaingia vyumba vyote sita, watoto wanakohoa, na mita ya umeme iko ukutani pale pale juu ya jiko la mkaa.

Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 peke yake. Sio lazima nikuelezee zaidi, wizara yako ndiyo inayotutangazia madhara haya.

Kufunga mita ya pili kwa mjini ni shilingi 320,960, ile bei iliyorudishwa Januari 2022. Kijijini ni 27,000. Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kutoa laki tatu kwenye nyumba ambayo anaweza kuambiwa ahame mwezi ujao, na mwenye nyumba haoni kwa nini atoe yeye.

3. Gesi imepewa ruzuku, umeme haujapewa.

Serikali kupitia REA imesambaza mamia ya maelfu ya mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa ruzuku ya mpaka nusu bei. Hatupingi, kuna mama kijijini huko mtungi ule umemtoa kwenye kuni, na tunampongeza. Lakini gesi ya mtungi inaagizwa kutoka nje kwa meli na kwa dola. Gesi yetu ya Songosongo na Mnazi Bay ni nyingine, hiyo inakwenda kwenye mabomba na mitambo ya kuzalisha umeme. Ikitokea vita huko inakotoka au dola ikipanda, mtungi wa Mbagala nao unapanda. Na tatizo tunaliona tayari, mtungi uliopatikana kwa ruzuku ukiisha gesi unakaa uvunguni, kwa sababu kujaza ni lazima uwe na hela yote kwa mkupuo.

Umeme ni wa kwetu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, mtambo wa kwanza uliingia gridi mwanzoni mwa 2024 na wa mwisho 2025. Kwa takwimu mlizotoa ninyi wenyewe mwaka 2025 uwezo wa mitambo yote nchini umepita megawati 4,000 na matumizi ya juu kabisa ya nchi nzima yako karibu na nusu ya hapo. Machi 2024 mlizima baadhi ya mitambo ya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Tulisoma habari hiyo tukiwa tumekaa kikundini, mama mmoja akauliza, kama umeme unazidi mpaka unazimwa, kwa nini mimi nauziwa kwa bei ya kunikataza? Nimelibeba swali lake mpaka kwenye barua hii kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa.

Na kwa namna watu wanavyopika, umeme bado hauhesabiki. Takwimu za serikali za mwaka 2021 zilionyesha asilimia 63.5 ya kaya wanapikia kuni, 26.2 mkaa, gesi ya mtungi 5.1, umeme 3 tu. Nchi ambayo imefikisha nguzo kwenye vijiji vyote 12,318, wanaopikia umeme ni watatu kwa mia.

Tena mkaa wa Dar unatoka kwenye misitu ya Pwani, Morogoro, Lindi, Tanga. Maji ya bwawa la Nyerere yanatoka Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Miti ikiisha kwenye mabonde hayo, maji ya bwawa hayatabaki kama yalivyo. Kila gunia linaloshushwa Mbagala kutoka huko linapunguza uhai wa bwawa lile lile lililojengwa kwa matrilioni ya kodi yetu.

4. Jiko lenyewe.

Presha kuka nzuri Kariakoo ni laki moja na kitu kwenda juu. Mtu anayenunua mkaa wa buku mbili kwa siku anatumia elfu sitini kwa mwezi, kwa hiyo ndani ya miezi michache hela ya jiko angekuwa ameshaimaliza kwenye mkaa, shida hana hiyo laki kwa pamoja. Kwenye kikundi tumejaribu kukopeshana majiko na yamelipwa, watu wanalipa vizuri tu. Tunasikia kampeni na mipango ya kukopesha majiko kupitia LUKU, tunaomba ifike huku kwa wapangaji na sio kwa wafanyakazi wenye hati ya mshahara peke yao. Na vipuri, hasa ile raba ya mfuniko, vipatikane mtaani. Raba ya bei ndogo ikikatika na haipatikani jiko zima linakuwa pambo.

5. Umeme kushuka jioni.

Mitaa mingi ya pembezoni ikifika jioni umeme unashuka, taa zinakuwa nyekundu, friji inaunguruma. Transfoma imezidiwa na watu wameongezeka. Kupika kwa umeme kutaongeza mzigo huo, tunajua, kwa hiyo mpango wa majiko uende pamoja na mpango wa transfoma, mtaa kwa mtaa.

Sasa Mheshimiwa, najua mtatujibu nini, kwa hiyo naomba nijibu mapema.

Mtasema bei ya 100 ni ya hasara, shirika haliwezi kubeba kila mtu. Tumelifikiria. Hatuombi yuniti zote nchini ziwe 100. Tunaomba yuniti za kupikia zisipandishiwe bei. Waganda walilitazama jambo hili kwa upande mwingine kabisa. Mwaka 2022 walipoanza kutumia bei ya kupikia, mteja wa nyumbani akifika yuniti ya 81 mpaka 150 bei ilishuka, ikawa shilingi 412 za Uganda kutoka zaidi ya 700 za daraja la kabla yake. Hesabu yao ilikuwa rahisi, wana umeme mwingi wa maji ambao usipouzwa hauingizi chochote, bora auziwe mama anayepika kwa bei nafuu kuliko kumwachia muuza mkaa. Kwao ukiongeza matumizi ya kupika bei inashuka, kwetu inapanda mara tatu na nusu. Majirani hawa tunashirikiana nao kwenye bomba la mafuta, tunaweza kuwauliza na hili.

Mtasema ukame. Hili ni la kweli na sitaki kulipuuza, mwaka 2022 tulikaa kwenye mgao, na Zambia mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya Kariba watu waliokuwa wanapikia umeme walirudi kwenye mkaa kwa wingi. Lakini Zambia ilitegemea maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake, sisi tuna mitambo ya gesi asilia ambayo ni sehemu kubwa ya gridi. Na hatusemi mtu atupe mtungi wake wa gesi. Mama mwenye presha kuka na mtungi mdogo ana pa kukimbilia siku umeme ukikatika, mama mwenye mkaa peke yake hana.

Mtasema jioni mzigo unakuwa mkubwa wote wakipika pamoja. Maharage na makande hayapikwi saa moja usiku, ni chakula cha kuchemshwa mchana na kuungwa jioni, na presha kuka ina saa, unaitega ukaendelea na kazi zako. Kama mnataka tupike mchana tupeni bei ya mchana, mtaona tutakavyohamia.

Mtasema watu hawapendi, chakula cha umeme hakina ladha. Waulizeni waliokula. Hii hoja tunaisikia zaidi kwa wanaume ambao hawajawahi kupepea jiko la mkaa, na naisema bila nia ya kumvunjia mtu heshima.

Na mtasema gesi imeshachaguliwa kuwa njia kuu. Hapo naomba muangalie Ekwado, kule Amerika Kusini. Nchi ile ilikuwa inajenga mabwawa mapya ya umeme, likiwemo Coca Codo Sinclair la megawati 1,500, na gesi ya mtungi wanaagiza. Mwaka 2014 wakaanzisha mpango wa majiko ya umeme ya indaksheni, mteja anapewa yuniti 80 bure kila mwezi za kupikia na jiko analilipa kidogo kidogo kwenye bili. Walilenga familia milioni tatu, hawakufika, na moja ya sababu ni kwamba mtungi wa gesi uliendelea kuuzwa kwa ruzuku kubwa, chini ya dola mbili, kwa hiyo watu hawakuona sababu ya kuhama. Mkimwaga ruzuku yote kwenye mtungi na kuuacha umeme na bei ya adhabu, bwawa la Nyerere litakuwa la viwanda na mahoteli, majiko yetu hayataliona.

Tunachoomba, Mheshimiwa Waziri:

Kwanza, kikomo cha yuniti 75 kipandishwe mpaka angalau 150 kwa nyumba zinazopikia umeme, au iwekwe bei maalum ya kupikia kuanzia yuniti ya 76, na asiwepo mtu wa kuhamishwa tarifu 4 kwenda tarifu 1 kwa sababu ya kupika. Wakati utaratibu huo unaandaliwa, uhamishaji usimamishwe.

Pili, nyumba za wapangaji zihesabiwe kwa kaya. Serikali ya mtaa ina daftari la wakazi, mjumbe anajua kila chumba anaishi nani. Kama nyumba ina kaya sita, kikomo cha mita hiyo kiwe mara sita. Kama hilo ni gumu, basi mita ya mpangaji ifungwe kwa bei ya kijijini, 27,000, hata kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye LUKU.

Tatu, ruzuku iliyotolewa kwenye mtungi wa gesi itolewe na kwenye presha kuka, kwa kiwango kile kile, kodi zilizobaki kwenye majiko haya zitolewe, na mkopo wa LUKU uwafikie wasio na mshahara kupitia vikundi kama chetu. Tuko tayari kudhaminiana, ndio kazi tunayoifanya kila wiki.

Nne, EWURA iitishe taftishi, yaani kusikiliza maoni ya wananchi, ya bei ya umeme wa kupikia, na mkutano mmoja ufanyike huku Mbagala, Jumamosi au Jumapili mchana, sio kwenye ukumbi wa hoteli siku ya kazi saa tatu asubuhi ambapo mama lishe yuko kwenye sufuria zake. Tutakuja na madaftari yetu na risiti zetu za LUKU.

Tano, tunaomba jibu la maandishi. Hata kama ni la kukataa, liwe na sababu, tuweze kulisoma kikundini na kulijadili.

Tumeweka nakala ya barua hii kwa mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, na sahihi za wanakikundi zimeambatanishwa kwenye ile iliyotumwa Dodoma.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kikundi cha akina mama wapangaji,
Mbagala, Dar es Salaam.